Uteuzi wa Vipuri vya Kompyuta ya Michezo kwa Mwenye Kipato Kidogo: Mfano wa Kibera na Kawangware

Utangulizi

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii iliyozaliwa katika mazingira ya majahazi inamhusu pia kijana wa leo anayetaka kuunda kompyuta ya kuchezea michezo. Mashine inayoonekana imekamilika juu ya meza ni zao la maamuzi mengi, na kila uamuzi una gharama yake. Kwa mwenye fedha za kutosha, uamuzi mbaya hurekebishwa kwa kununua kipuri kingine. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, bei ya kipuri kimoja huweza kuwa akiba ya miezi kadhaa ya vibarua vya mjengo, ya kufua nguo za watu au ya kuendesha bodaboda. Hapo kosa moja huweza kuwa ndio mwisho wa safari.

Makala hii inanuia kufafanua namna ya kuteua vipuri vya kompyuta ya michezo kwa fedha kidogo katika mazingira hayo. Hoja yake kuu ni kwamba utaratibu unaopendekezwa katika miongozo mingi ya kigeni, ambao huanza na kadi ya michoro na kuliacha suala la umeme mwishoni, haumfai mkazi wa mitaa hii. Kwake yeye uteuzi sharti uanzie ukutani, pale panapochomekwa plagi, kisha uelekee ndani ya mashine hatua kwa hatua. Aidha, makala inaonyesha kwamba kuyajua majina ya vipuri, na hasa kuyajua kwa lugha inayoeleweka na pande zote mbili, ni kinga ya mnunuzi mbele ya muuzaji.

Mazingira ya mnunuzi

Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na jina lake limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kawangware iko upande wa magharibi wa jiji, ikipakana na mtaa wa kifahari wa Lavington. Mitaa hii miwili ina historia tofauti, lakini inafanana katika jambo linaloihusu makala hii: familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha mabati chenye takriban futi kumi kwa kumi, na chumba hicho ndicho jiko, sebule na malazi.

Kwa vijana wengi wa huko, michezo ya video hujulikana kwanza katika vibanda vya PlayStation. Mchezaji hulipa kwa kila mechi, kandanda ikiwa ndiyo mchezo unaopendwa zaidi. Swali linalozuka ni hili: kwa nini basi mtu ahangaike kuunda kompyuta badala ya kununua PlayStation iliyotumika? Jibu ni kwamba kompyuta hufanya kazi nyingine pia. Tangu mwaka 2014, serikali ya Kenya imekuwa ikihamishia huduma zake katika jukwaa la eCitizen, na maombi ya mikopo ya wanafunzi pamoja na taarifa za kodi hujazwa kwa njia ya mtandao. Kompyuta inayochezewa usiku huweza kuchapa wasifukazi wa jirani mchana. Vilevile ndiyo chombo cha kuundia michezo yenyewe. Mchezo uitwao Nairobi X, kazi ya Mkenya Andrew Kaggia iliyotoka mwaka 2015, ni ushahidi kwamba Nairobi huweza kuwa mandhari ya mchezo na vilevile mahali pa kuutengenezea.

Umeme kwanza

Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Hata hivyo, volti zilizoandikwa na volti zinazofika chumbani huweza kutofautiana. Nyumba nyingi zinapotegemea waya mmoja mwembamba, kama ilivyo katika miunganisho isiyo rasmi inayojulikana mitaani kwa jina la sambaza, nguvu hushuka jioni watu wanapopika na kuwasha taa. Stima inapokatika na kurudi kwa ghafla, huweza kurudi na nguvu ya kupita kiasi inayochoma vipuri kwa dakika moja. Miunganisho hiyo huhatarisha maisha pia, kwa hiyo mita halali ndiyo kipuri cha kwanza cha kompyuta, ijapokuwa haimo ndani yake.

Hatua ya pili ni kukagua soketi. Plagi ya Kenya ina pini tatu za mraba, na ile ndefu ya juu ni ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Pini hiyo isipounganishwa, kasha la chuma la kompyuta huweza kumpiga mtu shoti. Hatua ya tatu ni kununua kifaa cha kuzuia mishtuko ya umeme au, fedha zikiruhusu, betri ya dharura iitwayo UPS. Ieleweke kwamba UPS ndogo haikusudiwi kuendeleza mchezo gizani. Kazi yake ni kumpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuizima mashine kwa utaratibu.

Linalofuata ni gharama. Ichukuliwe kwamba kompyuta pamoja na skrini yake hutumia wastani wa wati 150 wakati wa mchezo, na huchezewa saa 4 kila siku. Matumizi yake ni uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa siku 30. Mashine kubwa ya wati 400 ikitumiwa kwa muda huohuo hufikisha uniti 48. Tofauti hii ni nzito kwa sababu katika viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, kundi la wateja wa nyumbani wanaotozwa bei ya chini kabisa liliwekewa ukomo wa uniti 30 kwa mwezi. Mashine ndogo huweza kuiacha familia ndani ya kundi hilo, ilhali mashine kubwa huitoa humo peke yake, kabla ya taa na redio kuhesabiwa. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba umeme ndio unaoamua ukubwa wa kadi ya michoro, na wala kadi haiamui ukubwa wa umeme.

Kompyuta ya ofisi kama msingi

Baada ya umeme, mnunuzi huchagua msingi wa kujengea. Njia iliyo nafuu zaidi kwa kawaida ni kununua kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika. Mashirika ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, nazo husafirishwa kwa wingi hadi Afrika Mashariki. Katika maduka ya Luthuli Avenue na mitaa inayopakana nayo, mashine za namna hii huitwa ex-UK. Aina zinazopatikana sana ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Zilitengenezwa ili zifanye kazi kutwa nzima kwa miaka, hazina makelele mengi, na hutumia umeme kidogo.

Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Muuzaji husema, "Hii ni Core i5," na mnunuzi huridhika. Jina hilo pekee halitoshi, kwa kuwa limetumiwa kwa vizazi vingi vya vichakataji. Namba inayofuata ndiyo inayosema ukweli. Kichakataji cha i5-6500 ni cha kizazi cha 6, kilitoka mwaka 2015 na kina viini 4. Kile cha i5-8500 ni cha kizazi cha 8, kilitoka mwaka 2018 na kina viini 6. Majina yanafanana, uwezo unatofautiana.

Tofauti ya vizazi imepata uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 iliyorithi nafasi yake hukubali rasmi vichakataji vya Intel kuanzia kizazi cha 8 hivi, pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa sababu hiyo, mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 zimeachwa na ofisi zilizokuwa zikizitumia. Mnunuzi asiyejua huweza kudhani amepata bahati, kumbe amenunua mashine iliyofungiwa mlango. Hata hivyo, kama yuko tayari kutumia Linux, mashine hiyohiyo huweza kumfaa kwa miaka kadhaa.

Ukubwa wa kasha nao uzingatiwe. Zipo kompyuta za mnara, zile nyembamba, na zile ndogo mno zinazotosha kiganjani. Hizi za mwisho huvutia katika chumba kidogo, lakini kwa kawaida hazina nafasi ya kadi ya michoro. Mnara ndio bora kwa mwenye nafasi. Nyembamba hufaa pia, mradi mnunuzi akumbuke kwamba itahitaji kadi fupi yenye bamba fupi la kufungia.

Kigeuza-umeme na kadi ya michoro

Kigeuza-umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, ni sanduku la chuma lenye feni linalobadili umeme wa ukutani ili uvifae vipuri. Katika kompyuta za ofisi, vingi vyake huwa na wati kati ya 180 na 300. Zaidi ya hayo, nyaya zake mara nyingi haziingiliani na zile za vigeuza-umeme vya kawaida vinavyouzwa madukani, kwa kuwa kampuni hizi hutumia viunganishi vyao wenyewe. Anayedhani kwamba atanunua kadi kubwa leo na kigeuza-umeme kikubwa kesho huweza kugundua kwamba viwili hivyo havikubaliani na ubao mama wake.

Ufumbuzi uko katika namba moja: 75. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama huweza kutoa hadi wati 75 bila waya wa ziada. Kwa hiyo kadi inayotafutwa ni ile isiyovuka kiwango hicho na isiyokuwa na tundu la waya wa umeme. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, zote zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, zina matoleo ya namna hiyo. Ni muhimu kukagua, kwani baadhi ya matoleo ya GTX 1650 huhitaji waya wa ziada. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53 tu, lakini hupoteza sehemu ya kasi yake ikiwekwa kwenye ubao mama wa zamani, kwa kuwa hutumia njia nne tu za kupitishia data.

Hesabu ya kukadiria ni rahisi: kichakataji wati 65, kadi wati 75, vipuri vinginevyo wati 30, jumla wati 170. Kigeuza-umeme cha wati 260 hulibeba jumla hilo kwa raha, ilhali kile cha wati 180 hulibeba kwa kubahatisha. Je, kadi ndogo kama hii inatosha? Skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na mchezo laini huzichora upya mara 60 kwa kila sekunde. Kadi hizi huimudu kazi hiyo katika michezo ya kandanda ya miaka iliyopita na katika michezo mingi ya ushindani isiyokuwa na mapambo mazito. Michezo mizito zaidi huchezeka kwa kupunguza ubora wa picha. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Mtego wa pili uko kwenye kadi yenyewe. Kuna kadi kuukuu ambazo programu yake ya ndani hubadilishwa ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kompyuta huamini, na mnunuzi naye huamini. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzitambua nyingi na kuzipiga alama ya kughushiwa. Kwa hivyo, kadi iliyotumika ipimwe kabla ya fedha kubadilisha mikono: iwashwe, ikaguliwe kwa programu hiyo, kisha mchezo uchezwe kwa dakika ishirini ili ijulikane kama itapata joto kupita kiasi.

Kumbukumbu na hifadhi

Kumbukumbu ya gigabaiti 16 ndiyo inayofaa kwa michezo ya sasa, ijapokuwa 8 huweza kuanzia. Vijiti viwili vya gigabaiti 8 huwa bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu kichakataji huvisoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Vijiti vya DDR3 na vya DDR4 havibadilishani nafasi. Pengo la chini limewekwa mahali tofauti makusudi ili visiingiliane. Mwishoni mwa mwaka 2025, bei za kumbukumbu zilipanda sana duniani kutokana na mahitaji ya vituo vya akili mnemba. Fundisho lake ni kwamba kompyuta ya ofisi inayouzwa ikiwa na kumbukumbu ya kutosha ndani yake huweza kuwa nafuu kuliko ile ya bei ya chini inayohitaji kuongezewa vijiti. Mnunuzi afungue kasha na avihesabu kwa macho yake.

Kuhusu hifadhi, SSD ndogo ya kuwekea mfumo endeshi huifanya hata kompyuta ya zamani iwake upesi. Diski ya kawaida ya kuzunguka, ambayo ni polepole lakini ina nafasi kubwa kwa bei ndogo, huweza kuhifadhi michezo. Nafasi si jambo dogo. Baadhi ya michezo huzidi gigabaiti 100, na kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde kiasi hicho huchukua takriban saa 22 kupakuliwa, mradi stima isikatike. Ndiyo maana ni busara kushirikiana. Tangu mwaka 2023, huduma ya Steam imekuwa na uwezo wa kuhamisha faili za mchezo kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ndani, hivyo mmoja huweza kupakua na wenzake walionunua mchezo huohuo wakapokea kutoka kwake bila kutumia bando.

Mchezo huchaguliwa kabla ya mashine

Kosa jingine ni kununua vipuri kabla ya kuamua kitakachochezwa. Linux ni bure, na tangu mwaka 2018 programu ya Proton iliyotolewa na kampuni ya Valve imewezesha maelfu ya michezo ya Windows kuchezwa humo. Hata hivyo, michezo kama Valorant na Fortnite haichezeki kwenye Linux kwa sababu ya mifumo yake ya kuzuia udanganyifu. Anayetamani Valorant hana budi kutafuta mashine inayokubali Windows 11. Anayetosheka na michezo mingine huweza kuokoa fedha nyingi. Orodha ya michezo mitatu au minne, ikiandikwa kwenye karatasi kabla ya kwenda sokoni, hupunguza majuto. Michezo ya wizi inayogawiwa bure iepukwe, kwa kuwa mara nyingi hubeba programu za kuiba nywila, na mwenye kompyuta moja ya kuchezea na kufanyia kazi za watu hana pa kukimbilia ikishambuliwa.

Istilahi kaunta ya dukani

Lugha inaingia hapa. Wanafunzi wa Kiswahili wamejadili kwa muda mrefu kama mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kudhihirisha kwamba lugha hii huweza kubeba maarifa ya kompyuta. Hata hivyo, juhudi hizo zilihusu zaidi maneno yanayoonekana kwenye skrini. Maneno ya vilivyomo ndani ya kasha yameachiwa mafundi, nao huyatamka kwa Kiingereza au kwa Sheng.

Pengo hili lina gharama. Kijana asiyejua kuuliza hununua anachoambiwa. Kwa upande mwingine, maswali manne humbadilishia hadhi mbele ya kaunta: "Fundi, kichakataji hiki ni cha kizazi cha ngapi? Kigeuza-umeme kimeandikwa wati ngapi? Ndani kuna vijiti vingapi vya kumbukumbu, na ni vya DDR gani? Kikiharibika nina siku ngapi za kukirudisha, na risiti itasema hivyo?" Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji maneno, na mtu aliyewahi kuyasikia yakielezwa kwa lugha anayoifikiria. Kuuliza si ujinga, lakini asiye na neno la kuulizia hunyamaza.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba uteuzi wa vipuri kwa mwenye kipato kidogo katika Kibera na Kawangware hufuata njia ya umeme: mita na soketi, kifaa cha kinga, kompyuta ya ofisi ya kizazi cha 8 au zaidi, kigeuza-umeme chake, kadi isiyozidi wati 75, kisha kumbukumbu na hifadhi. Anayefuata njia hii huweza kujenga kidogo kidogo, kwani kompyuta ya ofisi huanza kufanya kazi siku ya kwanza hata kabla ya kadi kupatikana. Haba na haba hujaza kibaba.

Inapendekezwa kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na mafundi wa mitaani katika kuandaa orodha fupi za istilahi za vipuri, zichapishwe kwenye karatasi moja na kubandikwa katika vibanda vya michezo, saiba na maktaba za mitaa. Istilahi ikibaki katika jarida haimsaidii anayehesabu noti zake mbele ya kaunta ya Luthuli. Ikifika mkononi mwake, huenda ikamwokolea akiba ya miezi.